Siku tisini za bunge la jimbo, na hesabu isiyoulizwa

Bunge la jimbo nchini Kongo likiwa na wabunge 48, kama lile la Kinshasa, sahihi 12 zinatosha kupeleka hoja ya kuiangusha serikali ya jimbo, na kura 25 zinatosha kumwondoa gavana. Likiwa na wabunge 20, sahihi ni 5 na kura ni 11. Watu 11 wanaenea katika gari moja dogo la abiria. Anayetaka kuelewa kwa nini magavana wa Kongo wamekuwa wakiangushwa, wakirudishwa na kuangushwa tena tangu mabunge haya yaanze kazi mwaka 2007, aanze na hesabu hiyo kabla ya kutafuta majina ya vyama.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi. Kumwangusha gavana ni kazi ya wiki moja ya simu na mikutano ya usiku. Kuchunguza fedha za jimbo ni kazi ya miezi: kusoma majedwali, kuwaita wahasibu, kulinganisha karatasi za benki na barabara ambayo inasemekana imetengenezwa. Kazi zote mbili ziko mikononi mwa wabunge walewale, ndani ya siku zilezile. Mara nyingi ya kwanza ndiyo inayokula muda, na ya pili inaachiwa wiki ya mwisho. Bunge la jimbo lisilopigia kura hesabu za mwaka uliopita limejinyang'anya silaha yake kali kuliko zote, na hakuna hoja ya kuangusha serikali inayoweza kuziba pengo hilo.

Kalenda yenyewe haina utata. Sheria namba 08/012 ya 31 Julai 2008, inayoweka misingi ya majimbo kujiendesha kwa uhuru, inalipatia bunge vikao viwili vya kawaida kwa mwaka. Cha kwanza hufunguliwa 30 Machi na cha pili 30 Septemba, na hakuna kinachoruhusiwa kupita miezi mitatu. Kikao cha mwezi wa tatu ni cha kutunga edikti, ndilo jina la sheria ya jimbo, na kuidhibiti serikali. Cha mwezi wa tisa ni cha bajeti. Katikati yake wabunge wako likizo, lakini likizo ya bunge si ya kupumzika. Mbunge anatakiwa kurudi kwa waliomchagua, akague shule, vituo vya afya, madaraja na vizuizi vya kodi, kisha aandike ripoti, na ripoti hizo ndizo zinazopaswa kufungua kikao kinachofuata.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Ripoti nyingi za likizo huwa orodha za shida: daraja limevunjika, shule haina madawati, askari hawajalipwa. Ni kweli tupu, lakini plenari, yaani baraza la wabunge wote, haina la kufanya na orodha ya shida zaidi ya kusikitika. Ripoti inayofaa inataja daraja, fungu la bajeti lililolihusu, kiasi kilichopitishwa, kiasi kilichotoka, jina la mkandarasi kwenye mkataba, na hali ya daraja siku mbunge alipofika. Ikiandikwa hivyo, waziri wa miundombinu wa jimbo hawezi kujibu kwa hotuba. Atalazimika kujibu kwa nyaraka.

Kosa la pili huzaliwa katika wiki mbili za mwanzo. Biro ya bunge ina watu watano: spika, makamu wake, mtoa ripoti, msaidizi wake, na mshika fedha wa bunge. Biro huketi na viongozi wa kamati za kudumu na wa makundi ya wabunge ili kupanga ajenda ya kikao, kisha plenari inaipitisha. Jambo lisiloingia humo kwa kawaida halipati nafasi tena, kwa sababu miezi mitatu ni mifupi kuliko inavyoonekana: ukitoa siku za kamati, sikukuu, misiba na safari za Kinshasa, plenari zinazobaki ni chache. Mbunge anayetaka hesabu za mwaka uliopita zijadiliwe asingoje mwezi wa tano. Aombe zitajwe kwenye ajenda kwa jina, pamoja na tarehe ya kamati kuzipokea.

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayojaza redio kila kikao kinapofunguliwa. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 198, inaipelekea serikali ya jimbo masharti ya vifungu vya 146 na 147 vilivyoandikwa kwa ajili ya serikali ya taifa. Hoja dhidi ya serikali nzima inahitaji sahihi za robo ya wabunge. Dhidi ya waziri mmoja inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi, ambazo katika bunge la watu 48 ni 5. Mjadala na kura haviwezi kufanyika kabla ya saa 48 kupita tangu hoja iwekwe mezani. Zinazohesabiwa ni kura za ndiyo peke yake, na ni lazima zizidi nusu ya wabunge wote wanaounda bunge, si nusu ya waliohudhuria. Kwa hiyo mbunge asiyefika amepiga kura ya hapana, apende asipende. Hoja ikianguka, waliotia sahihi hawawezi kuleta nyingine katika kikao hichohicho. Ikipita, serikali inahesabiwa imejiuzulu, na mkuu wake ana saa 24 za kupeleka barua yake kwa Rais wa Jamhuri.

Masharti ni mepesi kusoma, lakini ndiyo yanayovunjwa mara kwa mara. Saa 48 huhesabiwa vibaya kwa sababu hoja ilipokelewa bila kuandikwa saa, mhuri una tarehe peke yake, na kila upande unakuja na saa yake. Sahihi huondolewa usiku, kisha panatokea ubishi kama aliyekwisha tia sahihi anaweza kuifuta. Biro inagawanyika, spika anaitisha plenari hapa na makamu wake anaitisha nyingine kule. Na kosa lililo kubwa kuliko yote, ambalo limeua hoja nyingi mahakamani, ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Kifungu cha 61 cha Katiba kinaweka haki ya kujitetea kati ya haki ambazo haziwezi kuondolewa hata wakati wa hali ya kuzingirwa au ya dharura. Gavana asipopewa nafasi ya kufika, kusoma tuhuma na kujibu kwa muda wa kutosha, kura iwe 25 au 48, mahakama ina sababu ya kuifuta.

Njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 2007, Mahakama Kuu, iliyokuwa bado inashikilia kazi za Mahakama ya Katiba, ilifuta hoja iliyomwangusha gavana wa Kasaï-Occidental, Trésor Kapuku, naye akarudi ofisini. Miaka kumi na mitano baadaye, gavana wa Kivu Kusini, Théo Ngwabidje, aliyekuwa ameangushwa na wabunge wa Bukavu, alirudishwa na Mahakama ya Katiba. Kila gavana anaporudi hivyo, jimbo linakuwa limelipa mara mbili: miezi ya ofisi zisizosaini chochote, halafu miezi ya gavana anayefanya kazi na bunge lililomfukuza. Wakandarasi hawalipwi, na mawaziri hawajui kama ni mawaziri. Kinachoudhi ni kwamba tuhuma zilizokuwa ndani ya hoja, hata zikiwa za kweli, haziguswi tena. Mahakama imeamua juu ya utaratibu, si juu ya fedha.

Kinshasa, yaani serikali kuu, nayo ina dawa yake, na ni mbaya. Mara kadhaa Wizara ya Mambo ya Ndani imetuma ujumbe kwa mabunge ya majimbo ikiyaamuru yasimamishe hoja zote. Utulivu ni jambo jema, lakini Katiba haikumpa waziri uwezo huo. Marekebisho ya 20 Januari 2011 yalimpa Rais wa Jamhuri, tena kwa masharti, uwezo wa kulivunja bunge la jimbo au kumwondoa gavana pale mgogoro mkubwa wa kisiasa unapoendelea na kutishia kuzima kazi za jimbo. Inatakiwa amri iliyojadiliwa katika Baraza la Mawaziri, baada ya kushauriana na biro za Bunge la Taifa na Seneti. Ujumbe wa wizara hauna lolote kati ya hayo. Bunge linaloutii linakubali kwamba mamlaka yake ni ya kuazimwa.

Wenzetu wa Kenya walifunga mlango huu kwa namna tofauti, na inafaa kuitazama. Huko wawakilishi wa kaunti wanahitaji sahihi za theluthi moja, kisha kura za theluthi mbili, na hata hapo gavana anabaki ofisini hadi Seneti iliyoko Nairobi isikilize mashtaka na utetezi na kupiga kura yake. Kawira Mwangaza wa Meru alishtakiwa na bunge la kaunti yake mara tatu. Seneti ilimnusuru mbili za mwanzo na kumwondoa Agosti 2024. Ni mchakato wenye kelele nyingi, lakini haki ya kujitetea imejengwa ndani yake, na kumi na mmoja hawawezi kumaliza kila kitu wenyewe. Nchini Kongo ulinzi huo umeachiwa mahakama, baada ya jengo kuungua.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko kazi iliko.

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda kwa majimbo ni asilimia 40, na inakatwa palepale inapokusanywa. Tangu 2006 maneno hayo hayajatekelezwa kama yalivyoandikwa. Fedha zote hupanda Kinshasa, kisha hurudishwa kwa kiasi na kwa tarehe zinazoamuliwa huko. Ndiyo maana kila mtu huziita retrosesioni. Zikifika, huwa na mafungu matatu: mishahara, uendeshaji na uwekezaji. La mishahara ndilo linalofika kwa uhakika zaidi, na la uwekezaji ndilo linalochelewa au kutofika kabisa. Zaidi ya hapo, sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inazipa miji, komini, sekta na sheferi, yaani ngazi za utawala zilizo chini ya jimbo, asilimia 40 ya hicho kinacholifikia jimbo. Kwa hiyo katika kila faranga 100 za taifa, kwa mujibu wa maandishi, 40 zingekuja jimboni, 16 kati yake zingeshuka chini, na 24 zingebaki kwa serikali ya jimbo. Mbunge wa jimbo anayeilaumu Kinshasa kwa haki kabisa juu ya zile 40, amuulize pia gavana wake juu ya zile 16. Mara nyingi sekta na sheferi zinatendewa na jimbo vilevile jimbo linavyotendewa na Kinshasa.

Kwa majimbo ya madini, Haut-Katanga na Lualaba hasa, kuna chanzo kingine ambacho hakipiti Kinshasa. Sheria ya madini iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa thamani ya madini yake, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa mji, sekta au sheferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Shaba hutozwa asilimia 3.5 na kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, hutozwa asilimia 10. Shehena ya kobalti yenye thamani ya dola 1,000,000 ina mrabaha wa dola 100,000, na 25,000 kati yake ni za jimbo. Shehena ya shaba ya thamani hiyohiyo ina mrabaha wa 35,000. Jimbo linapata 8,750 na sheferi au mji 5,250. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na karatasi. Kampuni hulipa moja kwa moja na kubaki na hati za malipo, na ITIE, mpango wa uwazi wa sekta ya uziduaji ambao Kongo ni mwanachama wake, hutoa ripoti za malipo hayo. Kamati ya fedha inaweza kuweka hati za kampuni, ripoti ya ITIE na jedwali la serikali ya jimbo juu ya meza moja. Tarakimu zikitofautiana, hapo ndipo pa kuanzia maswali. Hakuna haja ya uvumi wala barua zisizo na majina.

Chanzo cha tatu ni kodi za jimbo lenyewe. Katiba inazitaja tatu kwa jina: ya ardhi na majengo, ya mapato ya pango, na ya magari. Hukusanywa na idara kama DRHKAT ya Haut-Katanga au DPMER ya Kivu Kusini. Kwa sababu retrosesioni haitabiriki, kila serikali ya jimbo inashawishika kuongeza tozo: ya lori, ya mkaa, ya mchanga, ya kupita kizuizini. Wabunge wawe macho hapa. Orodha ya kodi na tozo ambazo majimbo yanaruhusiwa kutoza imewekwa na amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Edikti inaweza kupanga kiwango na namna ya kukusanya kile kilichomo katika orodha. Haiwezi kubuni tozo mpya nje yake. Kifungu cha 205 cha Katiba nacho kinasema edikti isiyopatana na sheria za taifa ni batili kwa kiasi inavyopingana nazo. Edikti ya namna hiyo ikipita, mama anayeuza mkaa sokoni analipa leo, na siku wakili atakapoipinga hakuna atakayemrudishia.

Bajeti hufika bungeni katika kikao cha mwezi wa tisa, na maisha yake ndani ya bunge ni mafupi. Gavana anaisoma, wabunge wanauliza, gavana anaomba muda, kwa kawaida saa 48, anarudi na majibu, plenari inasema mswada unafaa kuchunguzwa, kisha unakwenda kamati ya uchumi na fedha, ile inayoitwa Ecofin. Kazi yote ya maana iko katika siku hizo chache za Ecofin. Plenari ya mwisho huwa ya kupitisha.

Ugonjwa wa bajeti za majimbo uko upande wa mapato. Sheria inataka mapato na matumizi vilingane. Kila wizara inaleta mahitaji yake, jumla inakuwa kubwa, na badala ya kukata matumizi serikali inapandisha mapato yanayotarajiwa: inaandika retrosesioni kana kwamba itakuja yote, inaongeza ufadhili wa nje ambao hauna mkataba. Jedwali linalingana. Wabunge wanafurahi kwa kuwa barabara ya kila mmoja imo. Hawaoni kwamba kwa kufurahi huko wamemkabidhi gavana uamuzi wote.

Chukua mfano wa tarakimu za kubuni. Bajeti ni faranga bilioni 100, ambamo mishahara na uendeshaji ni 45 na miradi ni 55. Mwaka unapokwisha zimeingia bilioni 50. Mishahara na uendeshaji vimechukua 45. Kwa miradi zimebaki 5. Orodha iliyopitishwa ni ya 55. Nani anachagua ni miradi gani ya bilioni 5 itakayolipwa kati ya ile ya 55? Gavana na waziri wake wa fedha, mwezi kwa mwezi, kufuatana na kilichopo katika akaunti. Wakichagua barabara za wabunge wanaowaunga mkono, hawajavunja bajeti hata kidogo, kwa kuwa barabara hizo zimo. Lakini bunge lingekataa kukadiria mapato makubwa kuliko wastani wa yale yaliyoingia kweli katika miaka mitatu iliyopita, bajeti ingekuwa ya 50, miradi ingekuwa ya 5, na jina la kila mradi lingepigiwa kura na wabunge wenyewe. Bajeti ndogo ya kweli inamfunga gavana; bajeti kubwa ya kubuni inamfungulia. Ninaamini hili ndilo jambo ambalo wabunge wapya waliochaguliwa Desemba 2023 walihitaji kufundishwa kwanza, kabla ya itifaki ya kuapishwa.

Upande wa matumizi, kila faranga inayotoka inatakiwa kupita hatua nne. Kwanza serikali inafunga ahadi: imeagiza kazi au bidhaa, na fungu limetengwa. Pili inahakiki deni: kazi imefanyika, ankara ni sahihi. Tatu inatoa amri ya malipo. Nne benki inalipa. Kamati isikubali jedwali lenye safu mbili za "iliyopangwa" na "iliyotumika". Idai safu nne, moja kwa kila hatua, kwa kila fungu, kwa sababu pengo kati ya safu na safu linasema kitu. Ahadi kubwa na uhakiki mdogo maana yake kazi haijafanyika, au imefanyika bila kuthibitishwa. Uhakiki mkubwa na amri ndogo maana yake kuna mtu ofisini ameshikilia mafaili, na inafaa kuuliza ya nani yamepita na ya nani yamebaki. Amri kubwa na malipo madogo ni ukosefu wa fedha, au ni upendeleo pale benki. La kutisha kuliko yote ni malipo makubwa kuliko ahadi: fedha zimetoka kwa njia ya dharura, bila hatua za mwanzo, ili karatasi zitengenezwe baadaye. Njia ya dharura ipo kwa ajili ya mafuriko na vita. Ikibeba sehemu kubwa ya matumizi ya mwaka, jimbo halina bajeti tena.

Kando ya jedwali hilo, Ecofin idai karatasi za benki za akaunti za jimbo, taarifa za kila mwezi za idara ya mapato, orodha ya mikataba yenye tarehe, kiasi na jina la mkandarasi, na orodha ya waliomo katika ofisi za gavana na mawaziri. Katiba inaruhusu mawaziri wasiozidi 10, lakini washauri wanaowazunguka ndio wanaomeza fungu la uendeshaji. Kisha watu wawili au watatu wa kamati watoke. Barabara ina urefu, upana, idadi ya kalvati na tarehe ya kupokelewa kwa muda. Vyote vinapimika kwa utepe na kwa macho.

Haya yote yanakutana katika edikti moja ambayo wananchi wengi hawajawahi kuisikia: ile ya kufunga hesabu za mwaka uliopita. Sheria ya fedha za umma namba 11/011 ya 13 Julai 2011 inaitambua kama ndugu wa bajeti. Bajeti inatoa ruhusa ya kutumia. Hesabu zinaeleza ruhusa hiyo ilitumikaje. Mahakama ya Hesabu nayo, kwa kifungu cha 180 cha Katiba, ina jukumu la kukagua hesabu za majimbo. Bunge linalopitisha bajeti ya mwaka ujao bila kuona hesabu za mwaka uliopita linakadiria mapato kwa kubahatisha na kutoa fedha kwa wizara ambazo hazijaeleza za kwanza zilikwenda wapi.

Dawa yake haihitaji Kinshasa. Kanuni za ndani za bunge ziweke sharti moja: mswada wa bajeti haupelekwi Ecofin kabla mswada wa kufunga hesabu haujawekwa mezani. Gavana anaweza kuishi bila edikti nyingine zote, lakini bila bajeti mwaka wake unakuwa mgumu sana. Uzito wa bunge uko hapo, na hautafutwi na mahakama yoyote, kwa sababu hakuna mtu anayehukumiwa. Kuna karatasi inayodaiwa.

Kwa nini basi haifanyiki? Sababu mojawapo inasemwa kwa kunong'ona tu. Fedha za kuendesha bunge lenyewe, mafuta ya magari, kamati za uchunguzi, hata viti, zinatolewa na serikali ileile ambayo bunge linaikagua. Posho za wabunge nazo huchelewa miezi. Hoja nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya utawala bora zilianza kama madai ya malimbikizo, na nyingi zilizimika siku malimbikizo yalipolipwa. Silaumu mtu kudai chake, ila njia ni mbovu, kwani inamfundisha gavana bei ya amani. Njia bora ni bunge kuweka fungu lake katika bajeti kwa kiasi cha kweli, kudai litolewe kwa mgao wa kila mwezi, na kutangaza hesabu zake lenyewe mwisho wa kila kikao. Mshika fedha wa bunge asiyetoa hesabu kwa wenzake hana uso wa kumdai waziri zake.

Majimbo mawili hayana hata fursa ya kukosea haya. Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa kuanzia 6 Mei 2021. Magavana wa kijeshi walishika utawala na mabunge ya majimbo yakasimamishwa. Katiba iliiandika hali hiyo kama ya siku 30, yenye kuongezwa kwa siku 15 kila mara. Imeongezwa mara nyingi mno, na kwa muda huo kodi zimeendelea kukusanywa bila mbunge wa jimbo kuuliza chochote.

Linabaki suala la lugha. Bajeti huandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi. Lubumbashi, Kalemie, Kindu na Bukavu wanaisikia ikizungumzwa kwa Kiswahili redioni bila kuona tarakimu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika kifungu cha kwanza cha Katiba, kwa hiyo bunge halihitaji ruhusa ya mtu ili kutoa muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili: mapato yaliyotarajiwa na yaliyoingia, matumizi kwa wizara, miradi kwa jina na mahali, kilicholipwa. Kurasa hizo zikibandikwa kwenye ukuta wa komini na ofisi ya sekta, mwalimu wa shule anaweza kulinganisha na kile anachokiona.

Hata bunge lisipofanya hivyo, mwananchi ana mlango wake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kuipelekea mamlaka ya umma ombi la maandishi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi liwe fupi. Liandikwe kwa spika wa bunge la jimbo, nakala kwa mwenyekiti wa Ecofin. Liulize mambo matatu: hesabu za mwaka uliopita zitawekwa mezani tarehe gani, katika safu zile nne, fungu la barabara au la kituo cha afya cha mahali penu liko wapi, na ile asilimia 40 ya miji, komini, sekta na sheferi ilitolewa lini na kwa kiasi gani. Lipelekwe kwa mkono, na nakala ya mpelekaji igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Likipokelewa 30 Septemba, jibu linapaswa kutoka kabla ya 30 Desemba, yaani wakati mswada wa bajeti bado uko mikononi mwa wabunge.